Kiwanja, Njama na Msuko: Neno "Plot" na Mhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Katika takriban kila mtihani wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, katika shule za upili na hata vyuoni, mtahiniwa hukutana na swali kuhusu msuko, au ploti kama wengine wapendavyo kuuita. Jibu linalotarajiwa linajulikana: msuko ni mfuatano wa matukio katika kazi ya fasihi. Akishaandika hivyo, mtahiniwa huisimulia riwaya sura baada ya sura hadi karatasi ikaisha, na aghalabu hupewa alama zake. Fasili hiyo imezoeleka mno hata si rahisi kuona kuwa ina kasoro. Hata hivyo, ikikubaliwa jinsi ilivyo, haijulikani ni kipi kinachomtofautisha mhakiki na mtu aliyesoma kitabu jana na leo anamhadithia jirani yake.

Makala haya yanakusudia kuirejea dhana hiyo kwa njia ya mzunguko kidogo, yaani kwa kulichunguza neno la Kiingereza lililo nyuma yake. Neno lenyewe ni "plot". Ni neno fupi na la kawaida, litumiwalo na mkulima, mpimaji ardhi, baharia, askari kanzu na mhakiki, kila mmoja kwa maana yake. Yanayodaiwa hapa ni mambo mawili: kwamba maana hizo hazikukusanyika katika neno moja kwa bahati tupu, na kwamba Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliitenga maana yake ya kifasihi na ndugu zake. Katika kutengwa huko msuko ulimpoteza mtu. Aliyepima, aliyepanga na aliyekula njama wametoweka, na yamebaki matukio yanayofuatana kana kwamba yanajiendea yenyewe.

Maana kongwe kabisa ya "plot" ni kipande kidogo cha ardhi. Maana hii imo katika Kiingereza cha Kale cha zama zake za mwisho, na nyuma ya hapo wanaisimu hawajalifuatilia neno kwa yakini. Katika karne ya 16 neno lilipata maana ya pili, iliyozaliwa na ile ya kwanza: mchoro wa kipande hicho cha ardhi, yaani ramani ya shamba, ya jengo au ya ufuo wa bahari. Hapo lilisaidiwa na neno jirani, "plat", lenye kudokeza kitu kilicho bapa. Zama hizo zilikuwa zama za wapimaji. Ardhi za watawa zilizotwaliwa na Mfalme Henry VIII kati ya 1536 na 1540 zilikuwa zikiuzwa na kugawanywa, na malisho yaliyokuwa ya wote yalikuwa yakizungushiwa ua na kuwa ya mtu mmoja. Aliyekuwa na mchoro alikuwa na dai. Asiyekuwa nao alikuwa na kumbukumbu za babu zake tu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi jinsi mchoro unavyoweza kuishinda kumbukumbu.

Kutoka kwenye mchoro wa ardhi neno liliingia jukwaani, na hatua hii haijulikani sana miongoni mwa wanafunzi wa fasihi. Katika kumbi za maigizo za London mwishoni mwa karne ya 16, "plot" ilikuwa karatasi iliyogandishwa juu ya ubao na kutundikwa nyuma ya jukwaa. Iliorodhesha maonyesho kwa utaratibu: nani anaingia, anaingia na nani, ameshika nini. Chache kati ya karatasi hizo zimesalia, na moja imo katika hifadhi ya Dulwich College, London. Ukiisoma huwezi kupata hadithi yenyewe kwa ukamilifu. Haikuandikwa kwa ajili hiyo. Ilikuwa ramani ya jukwaa kwa saa mbili tatu, na kazi yake ilikuwa kuwaamuru watu: huyu aingie, yule asubiri. Mwaka 1598 Francis Meres, alipokuwa akiwasifu waandishi wa tamthilia za futuhi wa zama zake, alimtaja Anthony Munday kuwa bingwa wao katika kupanga "plot". Tayari, basi, ilikuwa kazi yenye mtendaji na yenye sifa yake.

Maana ya njama ilifika kwa mlango mwingine. Kifaransa kilikuwa na neno "complot", ambalo hapo kale lilihusu umati wa watu waliosongamana na baadaye likahusu mapatano ya siri. Asili yake ina utata. Baadhi ya wanaisimu wamelihusisha na "pelote", yaani donge la uzi, ingawa dhana hiyo haijakubaliwa na wote. Waingereza walilichukua "complot", na kwa kuwa tayari walikuwa na "plot" yenye maana ya mchoro na mpango, maneno hayo mawili yalivutana. Mwishoni mwa karne ya 16 mpango wa siri ulikuwa "plot" vilevile. Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya jengo la Bunge la Uingereza akiwa na mapipa 36 ya baruti. Tukio hilo liliikaza maana ya njama katika masikio ya Waingereza, na kila mwaka linawakumbusha.

Lakini si lazima kuingoja baruti ili kuona jinsi ardhi na njama zilivyokuwa zimekwisha kukumbatiana. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare, Henry IV, iliyochapishwa mwaka 1598, waasi watatu wanakutana na ramani mezani. Wanaigawa nchi mafungu matatu kabla hata ya kupigana vita vyenyewe. Hotspur hapendi jinsi mto Trent unavyokunja kona na kumpunguzia fungu lake, na anataka mto uchimbiwe njia nyingine. Hapo maana zote za "plot" zimo katika onyesho moja: ardhi, mchoro wa ardhi, mapatano ya siri, na tamthilia inayosonga kwa sababu ya hayo yote. Katika King Lear, iliyochapishwa mwaka 1608, mfalme anagawa nchi kwa ramani hadharani, na katika hadithi ya pembeni Edmund anaghushi barua ili ardhi ya nduguye Edgar iwe yake. Barua ile ya kughushi ndiyo inayouendesha msuko mdogo wa tamthilia hiyo. Itafaa kuikumbuka tutakapofika Sokomoko.

Neno liliposhikwa na wahakiki, katika karne ya 17, lilikuta mahali pamekwisha kukaliwa. Dhana ya Aristotle, "muthos", ilikuwa ikifasiriwa kwa Kiingereza kama "fable". Thomas Twining, katika tafsiri yake ya 1789, bado alitumia "fable". S. H. Butcher, mwaka 1895, alitumia "plot". Ingram Bywater, mwaka 1909, aliyaweka maneno yote mawili pamoja kama mtu asiyetaka kuukosea upande wowote. Kwa hiyo Aristotle anayesomwa madarasani leo kana kwamba alisema "plot" amevishwa neno ambalo kwa Waingereza lilikuwa na matope ya shamba na harufu ya baruti, mambo yasiyokuwamo katika Kigiriki chake. Jambo moja, hata hivyo, lilikuwamo: mpangilio. Aristotle alisisitiza kuwa matukio sharti yatokane, moja na jingine, kwa ulazima au kwa uwezekano, na aliishusha hadhi misuko ambayo matukio yake yanafuatana tu bila ya kutokana. Fasili ya "mfuatano wa matukio", basi, haimridhishi hata yeye ambaye kwa kawaida hudaiwa kuwa ndiye chimbuko lake.

Mhakiki wa Marekani Peter Brooks, katika Reading for the Plot (1984), ndiye aliyewakumbusha wanazuoni kuwa maana nne za neno hili katika kamusi, yaani ardhi, mchoro, hadithi na njama, zina mantiki ya pamoja: zote zinahusu kuweka mipaka na kukusudia. Hoja yake ni ya msingi na makala haya yanaitegemea. Aliiongoza, hata hivyo, kuelekea nafsi na matamanio ya msomaji, akisaidiwa na Freud, na akaiacha ardhi nyuma haraka mno. Kwake kiwanja kilikuwa sitiari ya mahali pa kuanzia. Katika riwaya za Afrika Mashariki kiwanja hakiwi sitiari kwa urahisi namna hiyo.

Yamkini atatokea msomaji atakayepinga kuwa historia ya neno haiwezi kuamua maana yake ya leo. Pingamizi hilo ni la haki. Hakuna anayelazimika kumfikiria mpimaji ardhi kila asemapo "plot" kwa sababu tu mtu wa karne ya 16 alimfikiria. Ila hapa Kenya maana kongwe haijafa hata ikahitaji kufufuliwa na wanafilolojia. Iko hai barabarani. Ploti ni kipande cha ardhi kilichopimwa na chenye nambari. Ploti ni pia jengo la vyumba vya kupanga, lenye lango moja na mfereji mmoja, ambamo wapangaji hujuana kama "watu wa ploti". Mwanafunzi anayeandika darasani kuwa "ploti ni mfuatano wa matukio" hurudi jioni kulala ploti, na baba yake pengine ana kesi ya ploti mahakamani. Ni darasani peke yake ndiko maneno hayo mawili hujifanya hayajuani.

Kwa hakika neno hili liliingia katika Kiswahili cha Kenya kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa ofisi za ardhi. Sheria za Ardhi za Ufalme za 1902 na 1915, mpango wa Swynnerton wa 1954 ulioamuru mashamba ya Waafrika yaunganishwe, yapimwe na kuandikishwa, kisha ugawaji wa viwanja mijini baada ya uhuru: hayo ndiyo yaliyoifanya ploti kuwa neno la kila siku. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa miaka mingi, na kwa wasomaji wengi ripoti hiyo ilikuwa na msisimko wa riwaya. Mlango wa pili ulikuwa wa siasa na polisi, lakini hapo Kiswahili hakikukopa kwa kuwa kilikuwa na njama, na usemi wake wa kula njama, wenye kudokeza kuwa wala njama ni watu wa sahani moja. Mlango wa tatu ulikuwa wa vyuo vikuu. Uhakiki wa Kiswahili ulipoanza kujiundia istilahi, wengine walilichukua neno kwa sikio wakapata ploti, na wengine walilifasiri wakapata msuko.

Msuko ni istilahi nzuri, na si lengo la makala haya kuitupa. Wahakiki wa Kiarabu nao walichagua taswira ya ufumaji, kwa kuwa "habka" yao inatokana na kitenzi cha kufuma kwa kukaza. Kusuka ni kazi ya mkono wenye ujuzi. Anayesuka ukili huzipitisha chane juu na chini kwa hesabu, na akikosea moja ukili mzima hupinda. Tena Kiswahili chenyewe husema kuwa watu wamesuka mpango au wamesuka njama, kwa hiyo kitenzi hiki hakikosi ujanja ndani yake. Kitenzi "suka" kina pia maana ya kutikisa: maziwa husukwa, na chombo husukwa na mawimbi. Mhakiki mwenye bidhaa nyingi za kuuza angeweza kuongeza usukani hapa, lakini atakuwa amepotea njia, kwani usukani ni neno la Kiarabu, "sukkan", na halina udugu na suka.

Tatizo la msuko halimo katika neno. Limo katika jinsi lilivyofundishwa. Ukili ulikwisha kusukwa huonekana kama kitu kilichokuwapo daima. Mikono haionekani tena. Vitabu vya kiada vikaongeza kuuondoa mkono kwa kuufasili msuko kuwa "mfuatano", neno ambalo halihitaji mtendaji, kwani hata siku na miezi hufuatana. "Mpangilio" ni afadhali, na linasikilizana zaidi na Aristotle. Ni neno lenye kichekesho chake pia, kwa sababu kitenzi "panga" ndicho kinachotupa mpangaji wa mambo na mpangaji wa chumba, yule mwenye kuamua kila kitu na yule asiyeamua chochote isipokuwa tarehe ya kuhama.

Kiswahili kina neno jingine, la kale na la kikulima, ambalo limepita njia inayokaribiana kwa namna ya kushangaza na njia ya "plot" bila ya kuelekezwa na mtu. Neno hilo ni ngwe. Ngwe ni kamba nyembamba. Ngwe ni pia kipande cha shamba kilichopimwa ili mtu akilime, kwa kuwa kilipimwa kwa kamba. Na katika matumizi ya siku hizi, hasa Tanzania, ngwe ni kipindi: ngwe ya pili ya mchezo wa kandanda, ngwe ya pili ya uongozi. Kamba imekuwa ardhi, na ardhi imekuwa wakati uliogawanywa. Hapa pana uzi wa msukaji, kiwanja cha mpimaji na sehemu za hadithi, na vyote vimo katika silabi moja au mbili. Makala haya hayapendekezi kuwa wahakiki waanze kesho kuandika ngwe badala ya msuko. Istilahi hazibadilishwi kwa amri, na vurugu za istilahi zilizopo zinatosha. Lakini mwalimu anayetaka kueleza msuko kwa wanafunzi waliokulia mashambani ana mfano ulio karibu nao kuliko piramidi ya Freytag. Ngwe ni kazi waliyopimiwa na mtu mwingine, na wanajua ni nani aliyeshika kamba.

Neno "kisa" nalo lastahili kuangaliwa, kwa sababu linagusa ugomvi mkongwe wa nadharia. E. M. Forster, katika Aspects of the Novel (1927), alitenganisha hadithi na "plot" kwa mfano wa vifo vya mfalme na malkia. Tukielezwa kuwa wa pili alikufa baada ya wa kwanza, tumepewa hadithi. Tukielezwa kuwa alikufa kwa sababu ya majonzi ya kumkosa wa kwanza, tumepewa "plot". Sababu ndiyo mpaka. Wanafunzi wa Kiswahili hukariri mfano huo kwa taabu, ilhali lugha yao imeuvuka mpaka wenyewe siku nyingi. Kisa ni hadithi, na kisa ni sababu. Tunauliza, "Kisa cha ugomvi wao ni nini?" na jibu ni sababu ambayo sharti isimuliwe. Neno hili latokana na Kiarabu "qissa", na mzizi wake una maana za kusimulia, kufuata nyayo na kukata. Mkasi ni jamaa yake. Mfuata nyayo hahesabu nyayo tu. Hutaka kujua aliyezikanyaga alikuwa nani na alikuwa akienda wapi.

Tofauti ambayo mtazamo huu unaleta katika usomaji inaweza kupimwa kwa riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyokuwa kitabu teule katika shule za upili na ambayo kwa hiyo imeteswa kuliko nyingine nyingi kwa maswali ya "mfuatano". Katika masimulizi ya kawaida ya watahiniwa, Amani na Imani wanafika Sokomoko, wanapata kazi, wanadhulumiwa, na mwishowe haki inatendeka. Yote hayo ni kweli, lakini hayajatueleza msuko wa riwaya, kwa sababu matukio yanayoiendesha yalikwisha kutendeka kabla ya Amani kufika. Ardhi ya ukoo wake ilikwisha kuchukuliwa kwa hila za hati-miliki. Babu yake alikwisha kuuawa, na ami yake, Yusufu, alikwisha kutiwa jela kwa mauaji ambayo si yeye aliyeyatenda. Mtemi Nasaba Bora ndiye aliyeishika kamba ya kupimia.

Kuna wizi wa pili, na hapa ndipo neno la Kiingereza linapomfaa mhakiki wa Kiswahili kwa namna isiyotarajiwa. Mwalimu Majisifu, nduguye Nasaba Bora, amejipatia sifa za uandishi kwa mswada alioiba, na mswada huo ni wa Amani, wenye jina lilelile la riwaya tunayoisoma. Ndugu mmoja ameiba kiwanja na mwingine ameiba hadithi. Kwa lugha ya "plot" wameiba kitu kimoja, na kila mmoja amekiiba kwa njia moja: kwa karatasi yenye jina lisilo la mwenyewe. Hati-miliki na jalada la kitabu zinafanya kazi ileile. Walibora aliwagawanya mashujaa wake vivyo hivyo, kwani Amani anachunga ng'ombe wa mwizi wa ardhi, na Imani anatumikia katika nyumba ya mwizi wa mswada. Mhakiki anayeuona msuko kama mfuatano atauweka wizi wa mswada katika orodha ya maudhui, chini ya "ufisadi" au "udanganyifu", na kuuacha huko. Akiuona kama upimaji wa mipaka, ataona kuwa wizi huo ndio unaoshikilia umbo la riwaya.

Tena Amani mwenyewe anakula njama, ingawa peke yake. Hakupotea njia akajikuta Sokomoko. Alikwenda kuchunguza, akaficha elimu yake, akakubali ufito wa mchungaji. Dhidi ya mpango wa Mtemi kuna mpango wa mchungaji, na utamu wa riwaya unatokana na kuwa msomaji anaujua wa pili kwa vipande tu. Wahakiki waliolalamika kuwa riwaya hii inategemea sadfa kupita kiasi wana hoja, maana sadfa zimo na baadhi yake hazipendezi. Lakini lawama hiyo imepewa uzito mkubwa mno kwa kuwa matukio yamehesabiwa kama shanga. Mengi ya yale yanayoitwa sadfa ni hatua za mtu aliyekuja na lake moyoni. Mahali ambapo Walibora anaweza kulaumiwa kwa haki zaidi ni mwisho, ambapo Nasaba Bora anajiondoa mwenyewe duniani na ardhi inagawanywa kwa watu kwa wema wa Amani. Aliyeshika kamba amebadilika. Kamba ingali mkononi mwa mtu mmoja, na riwaya haioni haja ya kuuliza chochote juu ya hilo.

Haini ya Shafi Adam Shafi (2003) inaigeuza dhana hii juu chini. Chanzo chake ni mauaji ya Sheikh Abeid Amani Karume ya tarehe 7 Aprili 1972 huko Zanzibar na kamatakamata iliyofuata. Humo jela, wanaotaka njama kwa udi na uvumba ni wahoji. Mahabusi anateswa mpaka akubali kuwa sehemu ya mpango, ataje wenzake, aseme nani alianza na nani alifuata. Kwa maneno mengine, serikali inatunga riwaya na inamlazimisha mhusika atie saini. "Mfuatano wa matukio" ndio hasa anaoudai mtesaji! Mwandishi anampinga kwa umbo la kazi yake: siku za gerezani zinajirudia, mambo hayaungani vizuri, na yanayosemwa chini ya mateso hayaifungi hadithi. Mhakiki anayesema kuwa sehemu hizo "zinalegeza msuko" afikirie kwanza ni nani mwingine aliyetaka msuko huo ukazwe.

Mfano wa mwisho ni Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991), iliyoifuata Nagona (1990). Hukumu ya kawaida juu ya vitabu hivi viwili ni kuwa havina msuko, na kama msuko ni mfuatano hukumu hiyo haina rufani. Mambo yanayotokea hayafuatani kwa saa wala kwa sababu zinazoeleweka. Lakini mzingile ni nini? Ni njia zilizochorwa ardhini kwa makusudi ili anayeingia apotee. Kezilahabi alikipa kitabu chake jina la mchoro wa ardhi, yaani "plot" kwa ile maana ya wapimaji wa karne ya 16, kabla neno halijaguswa na wahakiki. Kuna mtu aliyechora na kuna njia zinazoziba. Msafiri anayezirudia nyayo zake anagundua kuwa kurudi nako kulikuwamo katika mchoro. Swali la mtihani lingeweza kuwa: ni nani aliyezichora njia hizi, na kwa nini baadhi yake hazifiki popote? Wanafunzi waliowahi kutafuta ofisi sahihi katika jengo la ardhi la wilaya hawangelipata gumu sana.